Hukumu ya Kuwinda Njiwa Wakati wa Makinda

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Aliyemfanya mwanadamu khalifa katika ardhi na Akamhalalishia vilivyo vizuri, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Katika nchi ya Uingereza liko jambo ambalo watu wake wamelibishania kwa miaka mingi, nalo ni hili: je, yafaa njiwa wa mwituni awekewe miezi ya amani, ambayo ndani yake bunduki zitawekwa chini, au yafaa aendelee kupigwa mwaka mzima, wakati wa joto na wakati wa baridi, akiwa ana makinda au hana? Mtu wa pwani akisikia khabari hii huenda akacheka, akauliza njiwa wa Wazungu yamhusu nini Muislamu wa Lamu, au wa Mombasa, au wa Unguja. Jawabu lake ni namna mbili. Kwanza, Waislamu wa pwani hii na wa visiwa vyake leo wamekaa Uingereza kwa maelfu, wao na watoto wao, na wako miongoni mwao wanaoalikwa na majirani zao wenye mashamba kwenda kupiga njiwa. Basi ni wajibu wajue wanaingia katika jambo gani. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, kufunga uwindaji kwa wakati na kwa mahali si uzushi wa Wazungu. Sheria ya Kiislamu ilikuwa na uwindaji uliofungwa karne nyingi kabla ya mabunge yao kuandika juu ya ndege.

Yafaa kwanza ajulikane ndege mwenyewe. Njiwa wa mwituni wa Uingereza ni mkubwa kuliko njiwa wote wa nchi ile. Uzito wake wakaribia ratili moja au wapita kidogo. Rangi yake ni ya kijivu, kifua chake chaelekea wekundu, ana baka jeupe shingoni kila upande, na akiruka huonekana mstari mweupe katika kila bawa. Kinda lililotoka kiotani karibuni halina lile baka la shingo, na kwa hiyo mwenye macho aweza kumtenga mtoto na mzazi. Kiota chake ni vijiti vichache vilivyopangwa juu ya tawi, duni hata mayai huweza kuonekana kwa chini. Hutaga mayai mawili; dume na jike hulalia kwa zamu, siku 17 hivi. Makinda yakisha kuanguliwa hayali nafaka wala wadudu. Hulishwa na wazazi wote wawili kitu kama maziwa kinachotoka katika kifuko cha kooni mwao, na hukaa kiotani kadiri ya mwezi mmoja kabla ya kuweza kuruka. Mwenyezi Mungu amewapa maziwa ndege hawa, dume na jike, na hayo ni katika ajabu za uumbaji Wake.

Wala asiseme mtu kuwa huyu ni ndege mgeni asiyetajwa katika vitabu. Imamu Shafi, Mwenyezi Mungu amrehemu, hakuwataja njiwa kwa rangi wala kwa nchi. Aliwapa alama mbili, nazo ni kunywa maji kwa kuvuta mfululizo bila kuinua kichwa, na kulia kwa kufululiza sauti kooni. Kila ndege mwenye alama hizo ni njiwa katika hukumu. Basi ninga na hua na pugi na tetere wa pwani waingia, na njiwa wa mwituni wa Ulaya aingia pamoja nao. Ni halali kuliwa, hapana khitilafu.

Ama sheria ya nchi ile ni kama hivi. Sheria ya mwaka 1981 inamlinda kila ndege wa mwituni, na kumwua ni kosa ila kwa ruhusa. Wako ndege wenye majira yao yanayojulikana: kwale wa nchi ile hupigwa kuanzia tarehe 1 Septemba hata tarehe 1 Februari, na baada ya hapo huachwa alee. Lakini njiwa hana majira. Tangu miaka ya 1990 amekuwa akipigwa kwa ruhusa ya jumla, yaani ruhusa ambayo mtu haombi kwa jina lake, bali serikali huitangaza kwa watu wote wenye idhini ya mwenye shamba, kwa sharti kwamba aua ili kuzuia madhara makubwa ya mazao. Ndege ambaye mabwana hulipa mali nyingi kumpiga amepewa likizo, na njiwa, ambaye kila mtu aweza kumpiga bila gharama, hakupewa hata siku moja! Wenye kuisimamia sheria husema sababu ni mazao, na huo ni ukweli, lakini si ukweli wote.

Mwaka 2019 jambo hili lilifumuka. Kikundi cha watetezi wa viumbe kiitwacho Wild Justice kilidai kwamba ruhusa hizo zimetolewa kinyume cha sheria yenyewe, maana sheria yataka ithibitike kwanza kwamba hapana njia nyingine ya kutosha ya kuzuia madhara isipokuwa kuua. Idara ya serikali iitwayo Natural England ikatazama, ikaona hoja ina nguvu, na mwezi wa Aprili ikaziondoa ruhusa tatu zilizohusu aina 16 za ndege. Wakulima wakapiga kelele, kwani ilikuwa ni wakati wa miche. Haukupita muda ila mwezi wa Mei njiwa akatolewa ruhusa nyingine, yenye masharti yaliyo wazi zaidi, na serikali ikaendelea kuzitengeneza ruhusa hizo baada yake. Walakini majira ya kufungwa hayakuwekwa.

Sasa na izingatiwe sheria ya Mwenyezi Mungu. Katika Sura ya Maida Amewakataza waumini kuua windo la nchi kavu wakiwa katika ihramu, na Akaliacha halali windo la bahari. Hapa ndipo penye mafunzo. Paa ni yule yule, na njiwa ni yule yule. Jana alikuwa halali, leo ni haramu, kesho atarudi kuwa halali. Kilichobadilika ni wakati na hali ya mwindaji. Kisha ukaongezwa mpaka wa mahali: Haram ya Makka haiwindwi kamwe, na Haram ya Madina baina ya mawe yake mawili meusi haiwindwi, na madhehebu ya Shafi yakaongeza bonde la Wajj lililoko Taif. Basi anayesema kwamba kilichohalalishwa hakiwezi kufungwa kwa muda, huyo hajasoma hata mlango wa Haji.

Imamu Shafi amepokea kisa cha Sayyidna Umar bin al-Khattab, Mwenyezi Mungu amridhie, ambacho chastahili kusomwa polepole. Umar alikuwa Makka siku ya Ijumaa, akaingia Dar al-Nadwa ili awe karibu na msikiti. Akatungika shuka yake mle nyumbani. Njiwa mmoja akaja akatua juu yake. Umar akachelea asije akaichafua, akamfukuza. Njiwa akaruka akatua mahali pengine, na hapo nyoka akamdaka akamwua. Umar hakumpiga jiwe, hakumtegea ulimbo, wala hakukusudia kumtoa hata unyoya mmoja. Walakini baada ya kuswali Ijumaa aliwaita Uthman bin Affan na Nafi bin Abdul-Harith, akawataka wamhukumu yeye, Amiri wa Waumini, kwa kuwa amemwondoa ndege mahali alipokuwa salama akamtia mahali palipokuwa na mauti yake. Wakamhukumu mbuzi, naye akaamuru mbuzi atolewe. Na hiyo ndiyo hukumu iliyothubutu kwa masahaba wengi, kwamba njiwa wa Makka hulipiwa kichwa cha mbuzi au kondoo, ingawa kwa thamani ya sokoni hafikii hata mguu wake.

Iko na masala nyingine katika vitabu vya Kishafi, ambayo wanafunzi hupita juu yake kwa haraka, kumbe ndani yake mna jawabu la suala hili lote. Mtu akimwua njiwa nje ya mpaka wa Haram, mahali ambapo kumwinda ni halali, ilhali kinda la njiwa yule limo kiotani ndani ya mpaka, kinda likafa kwa kukosa mlezi, wanavyuoni wamesema: kwa mama halipi kitu, maana alimwua mahali pa halali; lakini kinda hulilipia, maana ndiye aliyelikatia riziki yake. Mwuaji hakuliona kinda. Hakulinyoshea mkono. Huenda hakujua kuwa lipo. Lakini sheria imemhesabia vifo viwili kwa mshale mmoja, ikamwuliza juu ya kile asichokiona.

Ni kweli kwamba fidia hii ni ya Haram na ihramu tu, wala hapana mwanavyuoni aliyesema kuwa apigaye njiwa katika shamba la Uingereza atoe mbuzi. Ni kweli vile vile kwamba hawakusema kumwua mzazi nje ya Haram ni haramu kwa ajili ya kinda lake. Haifai kuyaongeza maneno ya maimamu. Lakini sababu waliyoitaja, nayo ni kukata riziki ya mlelewa, haina mpaka wa jiwe. Yapatikana popote palipo na kiota. Na katika mlango wa nafaka za wanyama, wamekataza mwenye ng'ombe kumkama maziwa kwa kadiri itakayomdhuru ndama. Ikiwa mwenye mnyama, ambaye ni milki yake, amezuiwa kulipunguza ziwa la ndama, basi mwenye kuliondoa ziwa lote kwa ndege asiyekuwa milki yake apaswa kuwa na sababu nzito zaidi kuliko kupitisha asubuhi.

Tena imepokewa kwa Abdullah bin Masud kwamba walikuwa safarini pamoja na Mtume (S.A.W.), wakamwona ndege mdogo mwekundu ana makinda mawili, wakayatwaa yale makinda. Ndege akaja akawa anapigapiga mbawa zake juu yao. Mtume aliporudi akauliza ni nani aliyemfadhaisha ndege huyu kwa watoto wake, akaamuru arudishiwe. Hapo hapakuwa na Haram wala ihramu. Palikuwa na safari, na watu wenye haja, na ndege asiyekuwa na bei.

Na imepokewa kwamba Ibn Umar alipita kwa vijana wa Kikureshi waliomsimamisha ndege kuwa shabaha, kila mshale ukosao ukiwa ni wa mwenye ndege. Walipomwona wakatawanyika, naye akawaambia kwamba Mtume amemlaani afanyaye kitu chenye roho kuwa shabaha. Desturi hii ya vijana wa Makka haikufa. Huko Paris, katika michezo ya mwaka 1900, njiwa hai walikuwa wakifunguliwa vifungoni mmoja mmoja mbele ya wenye bunduki, na mshindi alikuwa ni aliyeua zaidi. Waingereza wenyewe waliukataza mchezo wa kupiga ndege waliofungwa kwa sheria ya mwaka 1921, nao wakati huo walikuwa wakimpiga yule wa shambani bila ya majira. Wakaona kumfungulia njiwa kutoka katika tundu ili apigwe ni ukatili, lakini kumpiga juu ya kiota chake ni ukulima!

Hata hivyo, upande wa mkulima hauna budi usikilizwe, wala si uadilifu kuutaja ubaya wa bunduki na kuusahau ubaya wa njaa ya shamba. Njiwa hawa katika Uingereza wapata jozi milioni 5, nao wameongezeka sana tangu miaka ya 1970, kwa sababu wakulima wenyewe walizidi kupanda wakati wa baridi mmea wa mbegu za mafuta wa jamii ya kabichi, ambao majani yake huwaokoa njiwa na njaa ya miezi ya theluji. Kundi la mamia likishuka asubuhi juu ya kabichi changa, au juu ya mbaazi, au juu ya ngano iliyolala kwa mvua, mwenye shamba hufika akakuta vijiti. Huyu si mwenye kucheza. Atapotewa na mali, na Uislamu umeilinda mali kama ulivyoilinda nafsi.

Atatokea mtu aseme kwamba Mtume (S.A.W.) amebashiri kuwa mwenye kupanda mti au mmea, kisha akala humo ndege au mtu au mnyama, huwa ni sadaka kwake, basi mkulima na astahimili. Kauli hii ni kuiweka hadithi mahali pasipokuwa pake. Hadithi yampa mkulima thawabu kwa kilicholiwa. Haikumfaradhisha akae akitazama kinachobaki kikiisha. Mzee wa Pemba au wa Rufiji apandaye dunguni alfajiri na kombeo lake kuamia mpunga, hakuna shekhe aliyemwambia kuwa anazuia sadaka.

Na hapo kwenye dungu ndipo ulipo mlango wa sheria. Wanavyuoni wamesema juu ya kila chenye kushambulia, mtu au mnyama, kwamba hufukuzwa kwa lililo jepesi, na likishindwa ndipo kwa lililo zito zaidi. Likitosha neno, haipigwi fimbo. Ikitosha fimbo, hauchomolewi upanga. Basi njiwa wa shambani afukuzwe kwanza kwa kelele, na kwa sanamu, na kwa nyavu juu ya mboga, na kwa mtu wa kuzunguka. Na akiwa mkaidi akarudi, apigwe. Ni jambo la kufurahisha kwamba ruhusa za Kiingereza za sasa zasema maneno yanayokaribia hayo: ajaribu kwanza njia zisizoua, na ahakikishe madhara ni makubwa. Waliofika hapo mwaka 2019 kwa mashauri na mawakili wangaliweza kufika kwa kusoma mlango wa mwenye kushambulia katika kitabu cha fiqhi.

Lakini ziko nia. Ruhusa ya Uingereza haikutolewa kwa mchezo, wala haikutolewa kwa ajili ya kitoweo. Imetolewa kwa mazao. Na kila mtu katika nchi ile ajua kwamba wako wengi waingiao shambani na sanamu za njiwa za kuwavutia ndege waje, wakajificha nyuma ya wavu wakapiga makumi kwa makumi, na mwenye shamba huwapokea kwa furaha, na wao huondoka wakihesabu. Wakiulizwa, husema wanalinda mazao. Huenda ni kweli, mazao hulindika kwa kazi yao. Lakini kilichowaamsha usiku wa manane si mazao ya mtu mwingine. Mtu wa namna hii kwa hakimu wa nchi hana kosa, kwani hakimu hawezi kuupasua moyo. Ama Muislamu, ambaye kila amali yake hupimwa kwa nia, hawezi kusimama juu ya neno la mdomoni. Akiwa ameitwa kulinda kabichi, aende ambako kabichi inaliwa, wakati inaliwa, na aache inapokwisha kuvunwa. Akiwa ataka kula, basi na aseme ataka kula, na atafute nchi au wakati ambao sheria yamruhusu kuwinda kwa kula. Na akiwa ataka tu kusikia mlio wa bunduki na kuona kitu kikianguka, basi ajue kwamba hata shomoro atamshitaki siku ya Kiyama aliyemwua bila ya haki yake, na haki yake, kama ilivyopokewa na Nasai, ni kuchinjwa akaliwa, si kukatwa kichwa akatupwa.

Hoja kubwa ya wasiotaka majira ya kufunga ni kwamba njiwa huyu hutaga karibu kila mwezi wa mwaka, na kuzidi kwa makinda yake ni baina ya Julai na Septemba, ambayo ndiyo miezi ile ile nafaka huiva na mazao huwa katika khatari. Wanasema: mkiifunga miezi ya makinda, mmemfunga mkulima mikono wakati wa mavuno, na mkitaka kuyaokoa makinda yote, itakuwa kufunga mwaka mzima. Hoja hii si ya kupuuzwa. Ina ukweli katika kipande chake cha kwanza. Katika kipande cha pili ina udhaifu, maana lisilowezekana kupatikana lote haliachwi lote. Mtu asiyeweza kuswali kwa kusimama hasamehewi swala. Huswali kwa kukaa.

Tena liko jambo lililojulikana kwa uchunguzi. Mtaalamu Murton na wenziwe, waliowachunguza njiwa hawa karibu na Cambridge kwa miaka mingi, na ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1965, waliona kwamba kuwapiga njiwa kwa wingi wakati wa baridi hakukuipunguza idadi ya wale watakaotaga. Baridi na upungufu wa chakula vilikuwa vitawaua kadiri ile ile; bunduki ilitangulia tu kuwachukua ambao njaa ingaliwachukua. Siku zile serikali ilikuwa ikiwasaidia watu bei ya risasi ili wawapige njiwa, ikidhani yalinda mazao. Mali ikaenda angani kama moshi. Basi yapatikana hapa mambo mawili: kupiga wakati wa baridi, mbali na shamba linaloliwa, hakumfai mkulima sana, lakini hakuui makinda mengi wala hakuangamizi jamii ya ndege, na kupiga wakati wa joto kwaweza kumfaa mkulima mwenye ngano mbele yake, lakini ndiko kunakojaza viota mizoga ya makinda. Akili yaonyesha mlango uko wapi.

Na asijitulize mtu kwa wingi wa milioni. Huko Amerika ya Kaskazini alikuwako njiwa msafiri, ambaye inakisiwa alikuwa milioni elfu tatu au zaidi, makundi yake yakifunika jua kwa masaa. Mwaka 1857 katika Ohio uliletwa mswada wa kumlinda, na kamati ikajibu kwamba ndege huyu kwa wingi wake hahitaji ulinzi. Watu wakafuata viota. Wakayapakia makinda katika mapipa, gari za moshi zikayapeleka mijini. Njiwa yule alikuwa akitaga yai moja tu, na aliyeua mzazi aliua nyumba. Wa mwisho wao, jike aliyeitwa Martha, alikufa katika bustani ya wanyama ya Cincinnati tarehe 1 Septemba 1914. Njiwa wa Uingereza hayuko katika hali hiyo, wala si haki kumtisha mtu kwa khatari isiyokuwapo. Lakini tetere wa Ulaya amepungua sana, mpaka Ufaransa, Uhispania na Ureno zikalazimika kusimamisha kumwinda mwaka 2021, na kwa kupumzishwa huko idadi yake katika magharibi ya Ulaya ikaanza kupanda.

Basi kauli iliyo karibu zaidi na sheria ni hii: ufungwe uwindaji wa njiwa ulio wa mchezo na wa kitoweo katika miezi ambayo makinda ni mengi, na kuchagua miezi hiyo warejewe wenye ujuzi wa ndege wa kila nchi, na uachwe mlango kwa mkulima ambaye mazao yake yamesimama na yanaliwa, baada ya kujaribu kufukuza, kwa kadiri ya haja yake na asizidi. Nchi za Ulaya zilipatana mwaka 1979 kwa maneno yanayoelekea hapo, zikakataza kuwinda ndege katika wakati wa kulea, zikabakisha udhuru wa mazao. Udhuru huo umekuwa mpana Uingereza hata ukauficha mlango wenyewe. Watu wa Pemba na wa Mafia, ambao wameona miamba ya pweza ikifungwa kwa miezi kisha ikafunguliwa, hawahitaji kuelezwa faida yake. Wamewaona pweza waliorudi wakubwa.

Mtawala akiweka majira kama hayo kwa maslaha ya watu, kuyafuata ni wajibu, hata kama jambo lenyewe asili yake ni halali. Na Muislamu aliyeko Uingereza kwa amani na kwa ahadi, sharti za ruhusa aliyoipokea ni ahadi juu yake. Mwenye kuifungua Sura ya Maida ataona kwamba aya yake ya kwanza yaanza kwa kuamrisha kutekeleza ahadi, na kabla haijamalizika yataja windo lililozuiliwa kwa wenye ihramu. Ahadi na uwindaji vimekaa katika aya moja.

Imebaki masala ya nyama, ambayo wengi wa waulizao huianza hiyo wakaiacha ile kubwa. Katika madhehebu ya Shafi, windo lililokufa kwa uzito wa kitu, si kwa makali yake, ni mfu asiyeliwa. Kwa hiyo ndege aliyepigwa marisau akafa kabla ya kuchinjwa haliwi, ingawa wako wanavyuoni wa Kimaliki walioruhusu lililouawa kwa risasi, na mwenye kuwafuata hao na awafuate kwa ilimu, si kwa shahawa. Ama akimfikia akiwa hai, maisha yake yangali yametulia, akamchinja, ni halali. Na hapa yamgeukia mwindaji hesabu nyingine. Mtu mmoja shambani, akipiga njiwa thelathini katika asubuhi moja, mmoja ameanguka kichakani, mmoja ng'ambo ya mfereji, mmoja ameruka na jeraha mpaka msituni, ni wangapi atawafikia na roho? Wale asiowafikia ni mizoga, na amewaua asile. Mshafi atakaye kitoweo na achukue kisu kabla ya kuchukua bunduki, na asipige wa pili mpaka amemchinja wa kwanza. Wallahu aalam.